Bundi mweupe wa Buruburu: jina lisilo lake lilivyomponza

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa Juni, soja wa ua mmoja wenye geti mtaani Buruburu, Nairobi, alimkuta bundi chini ya mjakaranda. Alikuwa amesimama wima kando ya gurudumu la gari, macho yamefumba nusu, kifua cheupe, uso mweupe. Hakuruka. Soja alimfunika kwa kreti ya mkate, akampiga picha moja kutoka mbele, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la wakazi. Kabla ya saa moja na nusu, programu ya simu ya kutambua ndege ilikuwa imeshatoa jibu: bundi theluji.

Jina hilo lilimfaa kwa jambo moja, na haki tulitaje kwanza. Bundi wa kawaida akionekana mchana uani huitwa ndege wa kisirani, mleta msiba, na mara nyingi hupigwa mawe. Huyu alidhaniwa mgeni wa ajabu kutoka nchi za barafu, kwa hiyo watu walimwonea huruma. "Huyu si wa hapa, mama, tumwangalie vizuri," soja alimwambia mama wa nyumba ya tatu, na akawazuia watoto wasimguse. Lakini huruma hiyo ilifuata maelekezo ya ndege mwingine kabisa. Kuanzia hapo hadi saa kumi jioni, kila alichofanyiwa kilitokana na yale yaliyosomwa kuhusu bundi theluji. Mengi ya hayo ni kweli kwa bundi theluji, na ndiyo sababu kisa hiki kinafaa kuchambuliwa hatua kwa hatua.

Aliyedhaniwa na aliyekuwepo

Bundi theluji, Bubo scandiacus kwa jina la kisayansi, ni ndege wa tundra: nyika zisizo na miti za Alaska, Kanada, Greenland, kaskazini mwa Skandinavia na Urusi. Ana urefu wa sentimita 52 hadi 71, na uzito wa kilo moja na nusu hadi karibu tatu, jike akiwa mkubwa kuliko dume. Macho yake ni ya manjano. Manyoya yamemfunika hadi kwenye vidole, mazito kiasi kwamba miguu huonekana kama imevishwa soksi za sufu, na hustahimili baridi inayoshuka chini ya nyuzi 40 za hasi. Dume mzee huwa karibu mweupe tupu. Jike na wachanga wana mistari na madoa meusi. Baadhi yao hushuka kusini wakati wa baridi, na kuna miaka wanashuka kwa wingi: majira ya 2013–2014 walionekana mashariki yote ya Marekani, hadi Florida. Afrika Mashariki hakuna bundi theluji wa porini.

Aliyekuwa kwenye kreti alikuwa bundi wa ghalani, Tyto alba, anayeishi Nairobi mwaka mzima: darini, kwenye minara, ndani ya matangi yaliyoachwa, kwenye mashimo ya miti mikubwa. Wengi wamemsikia bila kumjua, kwa sababu halii "huu-huu" kama bundi wa hadithi. Hupiga ukelele mkavu wa kukwaruza, kama kitambaa kizito kinachopasuliwa.

Programu ilikosea kwa sababu ya picha. Ilipigwa kutoka mbele, kwenye mwanga mkali, bila kitu cha kulinganisha ukubwa. Rangi ya dhahabu na kijivu ya bundi wa ghalani iko mgongoni na juu ya mabawa. Mbele ni mweupe, na vitone vidogo vya kijivu vya kifuani vikasomwa kuwa madoa ya bundi theluji jike. Picha tatu zingetosha kumaliza ubishi: mgongo, uso kwa karibu, na mguu, huku chupa ya soda ikiwekwa kando kama kipimo. Usoni, bundi wa ghalani ana umbo la kopa la karata, na macho meusi. Hilo peke yake linatosha. Atakayetaka uhakika zaidi amshike mguu aulete kwenye mwanga: kucha ya kidole cha kati ina meno madogo upande wa ndani, yamepangwa kama kitana, na ndiyo anayojichania manyoya ya uso. Bundi theluji hana kitana hicho. Vidole vya bundi wa ghalani havina soksi pia. Vina vinyweleo vichache vigumu, ngozi ikionekana katikati yake.

Muda wa saa tisa na nusu

Kosa la kwanza lilikuwa barafu. Chupa mbili za maji yaliyoganda zilifungwa kwenye taulo na kuwekwa pande zote mbili za kreti. Asubuhi za Juni mjini Nairobi tayari ni za sweta, mara nyingi nyuzi 12 au 13 na mawingu. Bundi wa ghalani hana akiba kubwa ya mafuta wala vazi zito. Ni miongoni mwa bundi wanaoshindwa upesi na baridi. Ndege mgonjwa wa aina hii huhitaji joto la nyuzi 28 hadi 30, yaani chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo na kuwekwa upande mmoja tu wa boksi ili aweze kusogea mbali nayo akitaka. Kwa huyu kulikuwa na madhara ya ziada ambayo hakuna aliyeweza kuyajua saa hiyo: mwili ukipoa damu huganda polepole, naye alikuwa na shida hiyohiyo ya damu isiyoganda.

Pili, aliwekwa wazi katikati ya uani, kwa kuwa ilisomwa kwamba bundi theluji huwinda mchana. Ni kweli. Kiangazi cha kaskazini jua halizami kwa wiki nyingi, na bundi anayesubiri giza huko atakufa njaa. Bundi wa ghalani huwinda kwa masikio. Tundu moja la sikio liko juu kidogo kuliko la pili, sauti ya panya ikafika kila upande kwa tofauti ndogo, naye akajua ilipo hata gizani. Ndege kama huyo akiwekwa mwangani, watoto ishirini wamemzunguka, hukaa katika hofu kwa saa zote hizo. Alikuwa akiinamisha kichwa, akiyumba kushoto na kulia na kugonga mdomo. Kundi la WhatsApp liliiona video hiyo likaandika kwamba anacheza dansi. Ni onyo la mwisho la bundi wa ghalani anayejiona hana pa kukimbilia.

Tatu ni chakula. Aliletewa soseji zilizokatwa, akazikataa, na mtu akamtia maziwa mdomoni kwa kijiko. Ndege hawana uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa, na ndege dhaifu akinyweshwa kwa nguvu kioevu huingia kwenye njia ya hewa, kwani tundu lake la kupumulia liko wazi nyuma tu ya ulimi. Bundi aliyepatikana chini hapewi chochote mdomoni mpaka amepashwa joto na kuchunguzwa. Si chakula, si maji.

Kreti yenyewe ndiyo iliyofichua ugonjwa, kwa bahati mbaya. Kreti ya mkate ni ya plastiki yenye matundu. Bundi hupenyeza mabawa akijaribu kutoka, na manyoya huvunjika. Karibu saa sita mchana unyoya mmoja wa bawa la kulia, mpya, uliokuwa bado unakua, ulivunjikia shinani. Unyoya unaokua una mshipa wa damu ndani. Kwa ndege mzima damu hiyo hukoma baada ya dakika chache ukibanwa kwa pamba. Huyu iliendelea kudondoka, tone moja moja, hadi saa tisa. Mama wa nyumba ya tatu ndiye aliyesema kwamba hilo si jambo la kawaida, akamhamishia kwenye boksi la katoni na kumpeleka kwa daktari wa mifugo.

Boksi lilistahili kuwa hatua ya kwanza, saa moja asubuhi. Katoni ya sentimita 40 kwa 40, taulo chakavu chini ili kucha zishike, matundu ya kidole kimoja upande wa chini na si usawa wa macho, kifuniko kimefungwa kwa utepe. Bundi hufunikwa kwa taulo kichwa kizima, mikono hupita juu ya mabawa, na miguu ikamatwe mapema, kwa maana bundi huumiza kwa kucha kuliko kwa mdomo. Kisha chumba chenye giza na kimya, na simu kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013, bundi wa porini hafugwi nyumbani bila kibali, hata kwa huruma.

Mezani kwa daktari

Karatasi ya kupokelea ilisema "bundi theluji, jike". Jina hilo lingeweza kuua lenyewe, kwa sababu dawa hupimwa kwa uzito, na anayekisia uzito kwa kufuata jina atakisia kilo mbili. Mizani ilisema gramu 268. Bundi wa ghalani mzima mara nyingi huwa na gramu 300 hadi 400. Mfupa wa kifua ulichomoza kama makali ya kisu, kwa hiyo alikuwa amekonda kwa siku kadhaa kabla ya asubuhi ile.

Kulikuwa na sababu nne za kufikiria. Kugongwa na gari ni ya kwanza kila mara, kwa sababu bundi wa ghalani huruka chini, kwenye kimo cha boneti. Aliyegongwa mara nyingi huonyesha upande mmoja: bawa moja limelegea, jicho moja lina damu ndani. Huyu mabawa yalilingana na macho yalikuwa safi. Ya pili ni ugonjwa wa koo unaotokana na kula njiwa, ambao huacha utando wa manjano kama jibini mdomoni. Mdomo haukuwa na utando, ila ulikuwa mweupe kama karatasi badala ya waridi. Ya tatu ni sumu kali za unga au chembe zinazouzwa barabarani, ambazo hushambulia mishipa ya fahamu na kuleta kutetemeka, mate mengi na mboni zilizosinyaa, ndani ya saa chache. Hakutetemeka.

Ikabaki sumu ya panya inayozuia damu kuganda. Vipande vya nta vya kijani au buluu vinavyouzwa kwenye maduka ya agroveti mara nyingi vina brodifakumu au bromadioloni. Kemikali hizi huuzuia mwili kuitumia tena vitamini K, na bila vitamini K ini haliwezi kutengeneza protini za kugandisha damu. Panya hafi papo hapo. Huishi siku tatu hadi saba akiwa mlegevu, akizurura hata wakati ambao angejificha, na kila usiku akiongeza sumu tumboni. Kwa bundi, panya wa namna hiyo ndiye rahisi kuliko wote kukamatwa. Kisha brodifakumu hukaa kwenye ini kwa miezi, ikijilimbikiza kidogo kidogo. Ndani ya ua ule, vipande vya kijani vilikutwa kando ya mapipa ya taka na kwenye mfereji, vimewekwa siku nane kabla.

Tiba ni vitamini K1. K3, ambayo huwa kwenye virutubisho vya kuku, haifai hapa. Kipimo kinachotumika mara nyingi kwa ndege wawindaji ni karibu miligramu 2.5 kwa kilo moja ya uzito. Kwa gramu 268 hiyo ni miligramu 0.67. Ampuli ya kawaida ina miligramu 10 kwa mililita, kwa hiyo unahitaji mililita 0.067, yaani karibu alama 7 kwenye bomba la insulini la alama 100. Hudungwa chini ya ngozi; sindano ya ndani ya msuli humvujisha damu ndege asiyegandisha. Baada ya hapo hupewa mdomoni kwa wiki nne, si kwa siku nne, kwa sababu sumu itakuwa bado iko inini. Wengi huacha ndege akianza kula vizuri, naye hudondoka wiki mbili baadaye.

Alipolazwa chali ili kusikilizwa moyo, manyoya ya tumbo yalipulizwa kidogo, na chini yake kukaonekana ngozi tupu ya waridi, laini, pana kama kiganja cha mtoto. Hicho ni kipara cha kuatamia. Kwa bundi wa ghalani jike peke yake ndiye huatamia, na kipara hicho humaanisha kwamba mahali fulani karibu kuna kiota chenye mayai au makinda. Ule unyoya uliokuwa unakua ulieleza jambo hilohilo, kwa kuwa jike huanza kubadilisha manyoya ya bawa akiwa bado kiotani.

Alikufa usiku wa pili. Kifua kilipofunguliwa kilikuwa na damu isiyoganda, na misuli ilikuwa imepauka. Ini halikupelekwa maabara, hivyo sumu hapa ni hitimisho la dalili na mazingira, ambalo kwa maoni yetu lina nguvu ya kutosha kufanyiwa kazi. Kama angepona endapo angefikishwa saa mbili asubuhi bila barafu na bila unyoya kuvunjika, hilo halithibitiki. Ila saa hizo zilimgharimu damu na joto, na hakuwa na akiba ya lolote kati ya hayo.

Darini

Wakazi wa nyumba ya tano walikuwa wamelalamika kwa mwezi mzima kwamba usiku mtu anakoroma juu ya siling bodi. Wengine walishataja majini. Nyumba za Buruburu zina paa za vigae, na kigae kimoja kilichosogea hufungua dari nzima. Fundi alipanda mchana akakuta makinda wanne hai na mmoja aliyekufa, juu ya zulia jeusi la matapishi ya mifupa na manyoya. Bundi humeza panya mzima na baadaye hutapika asichoweza kuyeyusha, tonge moja au mawili kwa siku. Tonge bichi la bundi wa ghalani hung'aa kama limepakwa vanishi. Moja lililopasuliwa lilikuwa na mafuvu matatu ya panya, meno ya mbele bado yana rangi ya chungwa.

Makinda walitofautiana sana kwa ukubwa, kwa sababu jike hutaga yai kila baada ya siku mbili au tatu na kuanza kuatamia la kwanza mara moja. Bundi theluji hufanya hivyohivyo. Mkubwa alikuwa na wiki tano hivi, manyoya ya mabawa yameshachipuka. Mdogo hakuzidi tatu. Umri huo ndio ulioamua kila kitu. Kinda wa chini ya wiki mbili hawezi kupata joto wala kumrarua panya bila mama, na ingelazimu kumwondoa. Baada ya wiki tatu anameza panya mdogo mzima, na baba akiwa hai anaweza kuwalea alipo.

Kwa hiyo swali la kwanza lilikuwa kama dume yupo. Watu wawili walikaa uani bila taa kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni, macho kwenye kigae. Dume aliingia dakika ishirini baadaye, na kufikia saa tatu na nusu alikuwa ameleta windo mara tano. Makinda wakaachwa palepale.

Lakini dume alikuwa akiwinda panya walewale. Kila jioni kwa siku kumi na mbili fundi aliongeza vifaranga sita vya siku moja, waliokufa, kutoka kwenye kituo cha kuangulia, kwa koleo refu na bila kuongea. Vya mdogo vilikatwa vipande. Kinda anayekula chakula safi anapunguza sehemu ya sumu katika mlo wake. Panya walionaswa uani hawakutumika, kwani panya aliyenaswa anaweza kuwa amekula sumu jana yake. Vipande vya nta vilikusanywa kwa glavu, mitego ya kubana ikawekwa ndani ya visanduku vyenye tundu dogo ili paka na ndege wasiifikie, na mapipa yakapata vifuniko. Hilo halikusafisha eneo lote, kwa kuwa bundi wa ghalani huwinda mbali zaidi ya ukuta wa ua mmoja. Lilipunguza tu hatari iliyo mlangoni.

Usiku wa saba kinda wa pili alianguka uani, na jina la uongo likarudi kwa mara ya mwisho. Mkazi mmoja alikuwa amesoma kwamba makinda wa bundi theluji huondoka kiotani kwa miguu wakiwa na wiki tatu hivi, kabla ya kujua kuruka, na wazazi huwafuata na kuwalisha huko waliko. Akataka aachwe kwenye nyasi. Kwa ndege anayetaga juu ya ardhi ya tundra, hiyo ni kinga: adui akimpata mmoja hawapati wote. Bundi wa ghalani kwa kawaida hawalishi makinda walioanguka nje ya kiota. Wangempita juu na panya mdomoni, naye angekufa njaa mita nne chini ya ndugu zake. Alirudishwa darini usiku uleule, na ubao wenye kimo cha sentimita 45 ukapigiliwa mbele ya tundu kwa upande wa ndani, ili kinda asiweze kulifikia kabla ya kuwa na mabawa ya kumbeba.

Makinda watatu waliruka. Mdogo alikufa siku ya nne, bila dalili ya kutokwa damu, akiwa na tumbo tupu ingawa vipande vyake viliwekwa. Wakubwa humnyang'anya mdogo, na hilo lilipaswa kuzuiwa kwa kumlisha kando. Kigae kilirudishwa mwezi mmoja baada ya wa mwisho kuruka, pale ambapo kwa siku kumi mfululizo hapakuonekana tonge bichi hata moja chini ya tundu. Kabla ya hapo, sanduku la mbao lenye kina kilekile cha sentimita 45 kutoka tundu hadi sakafu, na tundu la sentimita 13, lilifungwa kwenye ukuta wa tangi la maji. Soja ndiye anayeangalia matonge chini yake.